Langalanga kwa mgeni: maswali ninayoulizwa kila Jumapili ya mbio

Kibanda ninachoangalizia mpira hapa Dar es Salaam kina televisheni mbili. Kubwa ni ya Simba, Yanga na Waingereza, na hilo halina mjadala. Ndogo, iliyowekwa juu ya friji la soda, nimeipata kwa kubembeleza: Jumapili yenye mbio mwenye kibanda ananifungulia langalanga, na mimi nanunua soda mbili hata kama sina kiu. Tatizo ni kwamba kila anayekuja kuchukua soda husimama, hutazama kidogo, kisha huuliza. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa, pamoja na majibu ambayo huwa sipati nafasi ya kuyamaliza kwa sababu kwenye televisheni kubwa mtu kafunga goli.

Langalanga ni nini? Ndiyo hiyo Formula 1?

Kwa matumizi ya kawaida, ndiyo. Watangazaji wetu husema langalanga wakimaanisha mbio za magari kwenye lami, na aghalabu ni Formula 1. Wazee wa Kenya watakuambia Langa Langa palikuwa pia mahali, uwanja wa mbio kule Gilgil miaka ya 1950.

Magari yenyewe ni ya kiti kimoja. Dereva yuko peke yake katikati kabisa, amelala zaidi kuliko kukaa. Hakuna abiria, hakuna buti, hakuna taa kubwa mbele, na magurudumu yote manne yako nje ya bodi. Ukoo huu ni mkubwa: Formula 1 iko juu, chini yake zipo Formula 2, 3 na 4, Marekani wana IndyCar, Japani wana Super Formula, na tangu 2014 ipo Formula E ya magari ya umeme. Neno "formula" huwatisha watu wakidhani ni hesabu. Maana yake ni masharti tu: uzito usipungue hapa, injini isizidi pale, bawa liwe na upana huu. Gari likitimiza masharti linaingia uwanjani. Anayeyaandika ni FIA, shirikisho lenye makao Paris. Ubingwa wa dunia wa madereva ulianza tarehe 13 Mei 1950 huko Silverstone, Uingereza. Giuseppe Farina wa Italia alishinda siku ile, na mwaka ulipokwisha akawa bingwa wa kwanza.

Lakini si wanazunguka tu?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine watu huuliza kwa adabu.

Wanazunguka, ndiyo. Uwanja wa Monza kule Italia mara 53, Spa kule Ubelgiji mara 44, Monaco mara 78. Ukilikodolea macho gari linaloongoza utasinzia, na mimi nimewahi kusinzia. Kwa hiyo usilitazame. Kushoto mwa skrini kuna orodha ya majina, na pembeni ya kila jina namba. Namba hiyo ni pengo, yaani sekunde zinazomtenga dereva na aliye mbele yake. Mchezo wote uko pale. Wa nne yuko sekunde 6.0 nyuma ya wa tatu. Mzunguko unaofuata 5.4, kisha 4.9. Hakuna aliyempita mwenzake, wala kamera haiko kwao, lakini anayesoma mapengo ameshajua kwamba baada ya robo saa hivi pale patakuwa na ugomvi.

Sasa ongeza piti. Karakana za timu zimepangwa kando ya mstari wa kuanzia, na ukiingia kwenye njia yake hairuhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, viwanja vingine 60, wakati wenzako huko nje wanapita na 300. Kwa hiyo kuingia, kubadilisha tairi na kutoka hukugharimu sekunde ishirini na kitu, kutegemea uwanja. Aliyemwacha mwenzake kwa sekunde 25 anaweza kwenda kubadilisha tairi na kurudi akiwa bado mbele. Mwenye sekunde 15 atarudi nyuma ya watu, tena labda nyuma ya mtu mzito asiyepitika. Ukishajua hivyo, zile namba zinaanza kusema.

Ujanja ninaoupenda kuliko wote ni kuwahi kuingia. Wewe uko sekunde moja na nusu nyuma yangu, na barabarani huwezi kunipita. Unaingia piti kabla yangu, unatoka na tairi mpya zinazoshika lami, na kwa mzunguko mmoja au miwili unakimbia mwendo ambao mimi, kwenye tairi zilizochoka, siuwezi. Nikiingia nami na kutoka, nakuona huyo unanipitia mbele ya mlango. Umenipita bila kuniovateki. Kuna jamaa mmoja fundi simu ambaye alikuwa anafuata soda tu. Siku nilipomwonyesha jambo hili alikaa mpaka bendera ya mwisho, akawa anaziita zile namba kwa sauti kama dalali mnadani.

Kwa nini wanabadilisha tairi? Zimepasuka?

Zimechoka. Tangu 2011 zote zinatoka kampuni ya Pirelli, na zimetengenezwa makusudi zichakae. Tazama rangi ubavuni. Nyekundu ni laini: inashika sana, inakwisha upesi. Nyeupe ni ngumu na mvumilivu. Njano iko katikati. Kijani ni ya lami yenye unyevu, buluu ya mvua kubwa. Mbio zikiwa kavu kanuni inamtaka kila dereva atumie angalau aina mbili, ndiyo maana hakuna wa kukwepa kusimama.

Wanaohudumia ni watu karibu ishirini, tairi nne, sekunde mbili na kitu. Rekodi ni sekunde 1.80, timu ya McLaren kwenye gari la Lando Norris, Qatar mwaka 2023. Nilipolisema hili mbele ya fundi wa tairi wa mtaani kwetu alicheka, halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa: "Na nati je?" Nati ni moja. Kila gurudumu lina nati moja katikati, badala ya tano. Akatikisa kichwa, akasema basi hata yeye angeweza. Mafuta hawajazi, hilo limepigwa marufuku tangu 2010, gari linaanza na mafuta yake yote ya safari nzima.

Lina mbio kiasi gani, na mbona haliruki?

Kwenye barabara iliyonyooka hupita kilomita 330 kwa saa. Lakini ajabu ya gari hili iko kwenye kona. Umewahi kutoa mkono dirishani daladala likiwa kwenye mwendo? Ukikiinua kiganja kidogo, upepo unaunyanyua mkono, ukikiinamisha, unaukandamiza. Mabawa ya mbele na nyuma ya gari la langalanga yamelazwa kama kiganja kinachokandamizwa, yaani bawa la ndege lililopinduliwa. Sakafu nayo imechongwa ili hewa inayopita chini yake ilivute gari kuelekea lami. Kadiri linavyokimbia ndivyo linavyong'ang'ania barabara, na hapo ndipo penye kitendawili: kwenye kona ya kasi, anayepunguza mwendo kupita kiasi anaupoteza ule ukandamizaji, na huenda akateleza pale ambapo mwenzake jasiri amepita salama.

Ubaya wake ni kwamba gari la mbele huacha nyuma yake upepo uliovurugika. Anayefuata kwa karibu mabawa yake hayafanyi kazi sawasawa, tairi zake zinateleza na kupata joto, anabaki kunusa moshi wa mwenzake. Kilio cha "hawapitani" chanzo chake ni hicho. Kuanzia 2011 hadi 2025 dawa ilikuwa kumruhusu aliye chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzake afungue bawa lake la nyuma kwenye sehemu maalumu. Mwaka 2026 dawa hiyo imeondolewa. Sasa mabawa ya magari yote hujilaza kwenye sehemu zilizonyooka, na anayefukuza hupewa nyongeza ya umeme. Unaona bado tunarudi kwenye pengo.

Injini? Ujazo wake ni lita 1.6 tu, kama gari dogo la kupeleka watoto shule, ila ina silinda sita na turbo, na inashirikiana na mota ya umeme. Kwa kanuni za 2026 karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme. Wanaokumbuka mngurumo wa injini za silinda kumi wanalalamika mpaka leo, na mimi ni mmoja wao, ingawa nilizisikia kwenye televisheni tu.

Dereva amekaa. Anachoka nini?

Jaribu kushika ndoo ya maji kwa shingo. Kwenye kona na kwenye breki mwili wa dereva huvutwa kwa nguvu mara nne au tano ya uzito wake, na kichwa chenye helmeti ndicho kinachoteseka. Ndiyo maana madereva wote wana shingo nene kama za wapiga mieleka. Pedali ya breki inataka kukanyagwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia moja, kila kona, kwa saa moja na nusu. Singapore, usiku wenye fukuto la pwani ambalo mtu wa Tanga au Mombasa atalijua, mtu anaweza kushuka kwenye gari akiwa amepungua kilo tatu kwa jasho. Na katikati ya hayo yote anaongea kwenye redio, anageuza vitufe vya usukani na kuhesabu mapengo kama sisi.

Gari ndilo linaloshinda, au mtu?

Gari zaidi. Najua jibu hili linawaudhi wenye mabendera, lakini tazama: mwaka 1988 McLaren walishinda mbio 15 kati ya 16. Mwaka 2023 Red Bull walishinda 21 kati ya 22. Hakuna dereva anayeweza kuyafanya hayo kwa gari bovu.

Ila kila timu ina magari mawili, na hapo ndipo unapompima mtu. Mpinzani wa kwanza wa dereva ni mwenzake wa timu, kwa sababu gari lao ni la aina moja, na akishindwa naye hawezi kusingizia gari. Zile 21 za Red Bull, Max Verstappen alishinda 19 na mwenzake Sergio Pérez 2. Zile 15 za McLaren, Ayrton Senna alichukua 8 na Alain Prost 7, na urafiki wao haukudumu. Ukitaka kujua dereva fulani ni hodari au kabebwa, usimlinganishe na bingwa. Mlinganishe na anayelala naye chumba kimoja.

Kwa sababu hiyo kuna ubingwa wa aina mbili: wa dereva, na wa timu unaojumlisha pointi za magari yote mawili. Mwaka 2026 timu zimekuwa 11 baada ya Cadillac kuingia. Ferrari ndiyo timu pekee iliyokuwemo kila msimu tangu 1950, na mashabiki wake wanaumia kwa namna ambayo shabiki yeyote wa timu kongwe atawaelewa.

Utamu unakuja maslahi ya timu na ya dereva yanapogongana. Austria 2002, Rubens Barrichello aliongoza karibu mbio nzima, akaamriwa na Ferrari ampishe Michael Schumacher. Alimpisha mita chache kabla ya mstari wa mwisho, na uwanja mzima ukazomea. McLaren mwaka 2025 walichagua njia nyingine, wakawaacha Norris na Oscar Piastri wapigane wenyewe kwa wenyewe. Norris aliupata ubingwa, lakini kwa pointi 2 tu mbele ya Verstappen aliyekuwa anazila pointi walizokuwa wakinyang'anyana.

Pointi zinahesabiwaje?

Kumi wa kwanza: 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Wa kumi na moja hana kitu, ndiyo maana utaona watu wanapigania nafasi ya kumi kama fainali. Wikiendi chache kwa mwaka kuna pia mbio fupi za kilomita 100 hivi siku ya Jumamosi, ambapo wanane wa kwanza wanapata 8 kushuka hadi 1.

Na bendera? Halafu kuna gari jingine linatangulia mbele, hilo la nani?

Njano: hatari mbele, usipite mtu. Nyekundu: mbio zimesimamishwa. Buluu: unakaribia kuzidiwa mzunguko mzima, mpishe aliye nyuma yako. Nyeusi: umefukuzwa. Ya mirabaraba ya nyeusi na nyeupe ni mwisho, na hiyo hata asiyeangalia anaijua.

Gari linalotangulia ni gari la usalama. Ajali ikiacha vyuma barabarani, linatoka, wote wanajipanga nyuma yake mwendo wa pole, hawaruhusiwi kupitana. Sasa fikiria mapengo. Mtu amejenga sekunde 12 kwa saa nzima. Gari la usalama likitoka, zinakuwa sifuri. Na kwa kuwa wote wanakwenda polepole, anayeingia piti wakati huo anapoteza muda mchache kuliko kawaida. Kwa mmoja ni bahati, kwa mwingine ni msiba.

Abu Dhabi, Desemba 2021, ndiyo hadithi ya kumsimulia mgeni. Lewis Hamilton na Verstappen waliingia mbio za mwisho wakiwa na pointi sawasawa, 369.5 kila mmoja. (Hiyo nusu ilitokana na Spa mwaka huo huo, ambako mvua iliharibu mbio na wakapewa nusu ya pointi baada ya kuzunguka nyuma ya gari la usalama.) Hamilton aliongoza, pengo kubwa, mbio zikiwa zinakwisha. Dereva wa nyuma akagonga ukuta. Gari la usalama likatoka. Hamilton angeingia piti angempa Verstappen nafasi ya mbele, basi akabaki na tairi ngumu kuukuu. Verstappen akaingia, akavaa nyekundu mpya. Kati yao yalikuwepo magari matano yaliyozidiwa mzunguko. Mkurugenzi wa mbio aliyaruhusu yale matano tu yajitoe, mengine yakabaki, akarudisha mbio kwa mzunguko mmoja wa mwisho. Verstappen akapita, akawa bingwa. FIA ilichunguza, mkurugenzi akaondolewa kwenye nafasi hiyo na kanuni ikaandikwa upya. Mimi sikuwa upande wa Hamilton mwaka ule, na bado naona hakutendewa haki. Kibandani kwetu siku ile kwa mara ya kwanza watu waligeuka kutoka televisheni kubwa.

Watu hufa?

Wamekufa wengi. Imola, 1994: Jumamosi tarehe 30 Aprili alifariki Roland Ratzenberger, kesho yake Senna, bingwa mara tatu. Kuanzia hapo kuta, helmeti, viwanja na hospitali za uwanjani vilitazamwa upya. Mwaka 2014 Suzuka, kwenye mvua, Jules Bianchi aliligonga trekta lililokuwa linaondoa gari jingine. Alifariki Julai 2015.

Mwaka 2018 wakaleta halo, ule upinde wa titani juu ya kichwa cha dereva. Mashabiki tuliucheka. Ulifanana na mkanda wa ndala, na mimi nilisema wazi wameharibu sura ya gari. Novemba 2020, Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipenya kwenye vyuma vya ukingoni, likakatika vipande viwili na kulipuka moto. Alitoka mwenyewe ndani ya ule moto baada ya nusu dakika hivi, mikono imeungua, kichwa kizima, kwa sababu ule mkanda wa ndala uliinua chuma ambacho kingempitia shingoni. Sijaucheka tena.

Hii na Safari Rally si kitu kimoja?

Hapana. Safari, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, ni gari moja moja dhidi ya saa, kwenye vumbi, na dereva ana msoma ramani pembeni yake. Langalanga wote wanaondoka pamoja. Kama uliwahi kusikia habari za Shekhar Mehta na ushindi wake mara tano, umelelewa kwenye rali, na utaona langalanga kuna usafi mno. Utazoea.

Wanawake je?

Hakuna kanuni inayowazuia. Lella Lombardi wa Italia ndiye mwanamke pekee aliyewahi kupata pointi Formula 1, Hispania mwaka 1975, tena nusu pointi kwa sababu mbio zilikatishwa. Tangu 2023 kuna F1 Academy, ligi ya wasichana pekee kwenye magari ya ngazi ya Formula 4. Kikwazo kikubwa ni kile kile kinachowazuia wavulana, nacho kinakuja kwenye swali linalofuata.

Mwanangu anapenda magari. Anaanzia wapi?

Kwenye gokati, vile vigari vidogo visivyo na springi, akiwa na umri wa miaka saba au minane. Kisha Formula 4, Formula 3, Formula 2. Ili kuingia Formula 1 anahitaji leseni maalumu ya FIA: kwa kawaida awe ametimiza miaka 18, na awe amekusanya alama 40 kwenye mashindano ya chini ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa Formula 2 anazipata zote 40 kwa mpigo. Sharti la umri lilianza kutumika mwaka 2016, baada ya Verstappen kuanza mwaka 2015 akiwa na miaka 17.

Sasa ukweli mchungu. Kipaji ni sehemu ndogo. Kubwa ni pesa. Baba yake Hamilton alifanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja kulipia gokati, na hata hivyo mtoto asingefika kama McLaren wasingemchukua kwenye mpango wao wa vijana akiwa na miaka 13. Mzazi akiniuliza huwa namwambia ampeleke mtoto kwenye gokati kwa ajili ya furaha, na ahakikishe anapenda fizikia. Timu moja ina madereva wawili na wahandisi mamia. Mlango wa wahandisi ni mpana zaidi.

Kuna Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa? Na mbona hawaji Afrika?

Yupo mmoja: Jody Scheckter wa Afrika Kusini, bingwa wa 1979 na Ferrari. Na walikuwa wanakuja. Afrika Kusini waliandaa kwanza East London, baadaye Kyalami, ambako mara ya mwisho ilikuwa 1993. Morocco waliandaa mara moja mbio za ubingwa, Ain-Diab pale Casablanca mwaka 1958: Stirling Moss alishinda mbio, Mike Hawthorn akaondoka na ubingwa kwa pointi moja.

Tangu 1993 hakuna. Desemba 2024 hafla ya mwaka ya FIA ilifanyika Kigali, Verstappen akakabidhiwa kombe lake pale, na Rais Kagame akatangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio. Afrika Kusini nao wanataka zirudi Kyalami. Kuandaa ni gharama, uwanja lazima upate daraja la juu kabisa la FIA, na foleni ya wenye fedha ni ndefu. Zikija Kigali, basi la kutoka Dar nitalipanda hata kwa kusimama.

Zinaonyeshwa saa ngapi kwetu?

Afrika kusini mwa Sahara zinaonyeshwa na SuperSport kupitia DStv. Kwa saa zetu, mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni, Silverstone saa kumi na moja. Singapore saa tisa alasiri. Japani saa mbili asubuhi, Australia mapema zaidi. Brazili ni usiku, saa mbili. Walio Muscat au Dubai waongeze saa moja, nao wana raha ya kwenda Abu Dhabi kwa gari.

Nianze kutazama zipi?

Usianze na Monaco. Kila mgeni huvutwa na boti na majumba, halafu anakuta barabara nyembamba ambayo hakuna anayempita mwenzake, anarudi kwenye mpira na simpati tena. Anza na Interlagos, São Paulo, hasa mawingu yakiwa mazito. Au Spa. Kama hutaki kusubiri msimu, tafuta marudio ya Brazil 2008: Felipe Massa anashinda nyumbani kwao, familia yake inashangilia ubingwa karakanani, na sekunde chache baadaye, kona ya mwisho kabisa, kwenye mvua, Hamilton anampita Timo Glock aliyebaki na tairi za kavu, anapata nafasi ya tano aliyoihitaji. Pointi 98 kwa 97.

Monaco itazame Jumamosi, kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, kila gari peke yake likipangusa kuta kwa sentimita. Hiyo ni saa moja nzuri kuliko zote za mwaka. Jumapili nenda kanisani, pita kwa shangazi, ule wali. Ukirudi mzunguko wa sabini utawakuta karibu wote walivyopangwa, na mimi nikiwa kwenye soda ya pili.